Daktari aliyevaa ngozi ya mtu, na mfupa ulio kwenye kipochi cha kalamu

*"Shikamoo Daktari. Nasomea udaktari, mwaka wa pili. Wiki mbili zilizopita mtu alituma kwenye kundi letu la WhatsApp video fupi ya daktari wa zamani wa Marekani, John Osborne. Inasema alimnyonga jambazi, akamchuna, akashonesha viatu kwa ile ngozi, halafu wananchi wakamchagua kuwa gavana na akaapishwa akiwa amevaa viatu hivyo. Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa kula siku hiyo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba rafiki yangu wa tangu sekondari alichukua mfupa mdogo wa mkono kule chumba cha anatomia. Anautunza kwenye kipochi chake cha kalamu, anasema ni wa bahati ya mitihani. Wengine wana picha za maiti kwenye simu. Nilipomwambia si vizuri alinijibu, 'Hawa hawana wenyewe.' Naomba kujua: habari ya huyo gavana ni ya kweli? Mtu wa namna hiyo alichaguliwaje? Na sisi ndiko tunakoelekea? Na huo mfupa nifanyeje bila kumharibia rafiki yangu masomo? Tangu siku ile naota ndoto mbaya, na nimeanza kukosa vipindi vya anatomia."*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne, lakini nimeisoma barua yako mara tatu na naona lililokukaba koo ni moja tu. Unaogopa kwamba kazi unayoisomea humzoesha mtu jambo ambalo hakupaswa kulizoea, na kwamba siku moja na wewe utacheka. Kwa kuwa nafundisha historia ya tiba na maadili ya udaktari, nitakueleza habari ya Osborne kwa urefu kidogo, maana video ile imekosea pale ambapo palikuwa na funzo kwa watu wa fani yako. Kisha tutarudi kwenye mfupa.

Naanza na kosa kubwa. Osborne hakumnyonga mtu. Wala hakuwa gavana alipofanya alichofanya, alikuwa kijana wa miaka 22, amemaliza shahada ya udaktari mwaka mmoja tu kabla. Kati ya ile maiti na kiti cha ugavana ilipita miaka kumi na miwili, na hiyo miaka ndiyo inayojibu swali lako la pili.

Alizaliwa mwaka 1858 Westport, mji mdogo wa jimbo la New York, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Vermont na kuhitimu 1880. Halafu akaelekea magharibi, Rawlins, katika Wyoming ambayo wakati huo haijawa jimbo kamili. Rawlins ulikuwa mji wa reli. Kampuni ya Union Pacific ilikuwa imepitisha njia yake hapo, na pembeni mwa reli kulikuwa na maduka, baa, jela, na nyika iliyokwenda mpaka macho yachoke. Osborne akafungua duka la dawa, akawa daktari wa upasuaji wa kampuni ya reli. Usiipite kazi hiyo haraka. Mabehewa ya siku zile yaliunganishwa kwa pini ya chuma, na mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili akiiongoza pini kwa mkono huku moja linakuja. Waliopoteza vidole na viganja hawahesabiki. Sheria ya kulazimisha viunganishi salama ilitiwa saini Machi 1893 tu. Kwa hiyo daktari wa reli alikuwa mtu wa kukata, kushona na kuokoa, tena mara nyingi hakuna mwenzake wa kumuuliza. Ukivunjika mguu Rawlins, ni yeye. Mkeo akishikwa na uchungu usiku, ni yeye au mwenzake mmoja. Imani ya watu aliipata kwa jasho, na mimi siwezi kumnyima hilo.

Sasa jambazi mwenyewe. Aliitwa George Parrott, watu wakimwita Big Nose George kwa sababu ya pua yake. Agosti 1878 yeye na genge lake walilegeza reli karibu na Medicine Bow ili treni ianguke waiibe. Mafundi wa njia waliona mapema. Naibu sherifu Robert Widdowfield na mpelelezi wa reli Tip Vincent wakawafuata hadi karibu na mlima Elk, wakauawa kwa kuviziwa. Hao nao walikuwa watu wenye ndugu, na hasira ya mji ilianzia hapo. Parrott alikamatwa Montana mwaka 1880, akahukumiwa kunyongwa tarehe 2 Aprili 1881. Siku chache kabla ya tarehe hiyo alikata pingu za miguu kwa kisu kidogo na kipande cha jiwe, akampiga nazo mlinzi wa jela, Robert Rankin. Mke wa Rankin ndiye aliyemrudisha ndani kwa bastola. Usiku wa tarehe 22 Machi wananchi wenye hasira kali, sisi tunawajua kwa jina hilo, walimtoa jela wakamnyonga kwenye nguzo ya waya za telegrafu mbele ya watu zaidi ya mia mbili.

Hakuna ndugu aliyekuja kuuchukua mwili, na madaktari wawili wakauchukua wao.

Wa kwanza alikuwa Thomas Maghee, mkubwa kwa Osborne. Mke wake alikuwa amepata ugonjwa wa akili, na Maghee alitaka kuuona ubongo wa mhalifu, labda utamwonyesha kitu. Enzi zile wengi waliamini kuwa uhalifu una umbo ndani ya kichwa. Wakakata fuvu kwa msumeno kama utakavyofundishwa kukata, wakatoa ubongo, wakautazama. Ulikuwa ubongo wa kawaida. Mpaka hapo, ukiacha kwamba hakuna aliyetoa ridhaa, kulikuwa angalau na swali la kitabibu.

Kisha Osborne akaendelea peke yake baada ya swali kwisha. Alitengeneza sura ya marehemu kwa plasta. Ukiitazama haina masikio, yalikuwa yameng'olewa na kamba. Akachuna ngozi ya mapaja na kifua, akaituma kwenye kiwanda cha ngozi Denver na maagizo ya namna anavyotaka itengenezwe. Ikarudi ikiwa viatu na mkoba wa daktari. Mkoba haujapatikana hadi leo. Viatu vipo, vya rangi mbili, katika jumba la makumbusho la kaunti ya Carbon pale pale Rawlins. Sehemu ya juu ya fuvu alipewa msaidizi wa Maghee, msichana mdogo aliyeitwa Lillian Heath. Mwili uliobaki wakautia kwenye pipa la wiski lenye maji ya chumvi, wakaendelea kuukata kidogo kidogo kwa muda wa kama mwaka, halafu wakalifukia pipa nyuma ya ofisi ya Maghee.

Kuhusu Osborne kuvivaa viatu hivyo kwenye sherehe ya kuapishwa mwaka 1893, hayo ni masimulizi yanayorudiwa Rawlins na kila aandikaye habari zake, na wewe uyachukue kama masimulizi. Ila hakuvificha. Viliwekwa hadharani kwenye benki ya mji ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wa bodi yake. Mtu alikuja kuweka akiba yake, akavitazama, akaenda zake.

Hapo ndipo wanafunzi wangu huuliza kama ulivyouliza: hakukuwa na mtu wa kusema "hapana"? Jibu linahitaji turudi nyuma ya Wyoming. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1752, mwili wa mwuaji aliyenyongwa ulikabidhiwa kwa madaktari wapasue, na hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yenyewe, ili kifo peke yake kisitoshe. William Burke, aliyeua watu Edinburgh na kuwauzia walimu wa anatomia miili yao, alinyongwa Januari 1829 akapasuliwa mbele ya watu. Mifupa yake bado inaonyeshwa, na kuna kijitabu kilichofunikwa kwa ngozi yake. Mwaka 1832 sheria ikabadilika. Badala ya wauaji, vyuo vikapewa miili isiyodaiwa, yaani ya maskini waliofia hospitali na nyumba za hisani. Majimbo ya Marekani yakafuata mkondo huo kwa nyakati tofauti. Angalia kilichotokea kimyakimya hapo: maskini asiye na ndugu akakalia kiti ambacho jana kilikuwa cha mwuaji, na hakuna aliyeuliza kosa lake. Daktari mmoja wa Philadelphia, John Stockton Hough, alichukua ngozi ya mwanamke aliyefia hospitali ya maskini mwaka 1869, akaja kufunikia nayo vitabu vyake vya uzazi karibu miaka ishirini baadaye. Huyo mama hakuwa ameua mtu. Aliumwa, akafa.

Kwa hiyo kijana wa miaka 22 aliyetoka chuo cha miaka hiyo alikuwa na sababu mbili mkononi, zote amerithishwa: huyu ni mhalifu, na huyu hana mwenyewe. Ukizichanganya, hakuna kitu kinachokataza. Nakuambia haya kwa sababu video ile inakufanya udhani Osborne alikuwa zimwi la ajabu. Laiti angekuwa zimwi, wewe na mimi tungekuwa salama. Alikuwa daktari mzuri wa kazi yake, mwenye adabu mezani, aliyefundishwa vibaya jambo moja. Na lile neno la rafiki yako, "hawa hawana wenyewe", ndilo hilohilo, limesafiri tu.

Mwenye mwili akijulikana, mambo hugeuka upesi. Mei 1878, miezi mitatu kabla ya genge la Parrott kugusa reli, alizikwa Ohio mzee John Scott Harrison, mwana wa rais wa zamani wa Marekani. Familia iliogopa wezi wa maiti, ikaweka mawe mazito kaburini na kuajiri mlinzi. Siku hizo hizo walikuwa wanamtafuta kijana mwingine aliyeibwa kaburini, wakaenda kupekua chuo cha udaktari Cincinnati. Kijana hawakumwona. Waliona mwili wa mtu mzima unaning'inia kwa kamba shimoni, uso umefunikwa. Walipofunua kitambaa, mwanawe John akamwona baba yake. Nchi nzima ilitikisika, na sheria zikaandikwa upya, kwa sababu aliyeibwa safari hii alikuwa na jina. Mwana wake mwingine, Benjamin, alikuja kuwa rais miaka kumi na moja baadaye. Mweke akilini, maana atarudi.

Sasa siasa. Wyoming ilipokuwa jimbo kamili Julai 1890, nchi yote ile ilikuwa na watu kama 62,000 tu, pungufu ya kata zetu nyingi za Dar es Salaam zikijumlishwa mbili tatu. Mahali kama hapo daktari anajulikana kwa sura na familia nyingi kuliko mtu yeyote. Osborne alikuwa ameingia bunge la eneo mwaka 1883, akawa meya wa Rawlins 1888, na mwaka huohuo mwenyekiti wa tume ya kujenga gereza. Tena alikuwa amenunua kondoo, akawa miongoni mwa wafugaji wakubwa wa kondoo wa Wyoming. Kondoo walikuwa na maana ya kisiasa, maana wenye nchi walikuwa matajiri wa ng'ombe, na mtu wa kondoo hakuhesabiwa kuwa wa kundi lao.

Aprili 1892 matajiri hao wa ng'ombe walifanya jambo lililowaponza. Waliajiri wapiga bunduki kutoka Texas, wakapanda treni usiku kutoka Cheyenne, wapatao hamsini, kwenda kaunti ya Johnson kuwaua watu waliowaita wezi wa mifugo. Wengi wa hao "wezi" walikuwa wafugaji wadogo. Waliwaua wawili, Nate Champion na Nick Ray, ndipo wenyeji zaidi ya mia mbili wakawazingira kwenye ranchi moja. Aliyekuwa anakaimu ugavana wakati huo, Amos Barber, alikuwa ameshaagiza wanamgambo wa jimbo wasiitikie wito wa masherifu bila amri yake. Matajiri walipozingirwa, akampigia simu ya maandishi Rais Benjamin Harrison, yule mwana wa mzee wa Cincinnati. Wapanda farasi wa jeshi wakatumwa, wakawaokoa wauaji kutoka mikononi mwa wenyeji.

Barber naye alikuwa daktari. Alihitimu Chuo Kikuu cha Pennsylvania 1883, akaja kusimamia hospitali ya Fort Fetterman, akatibu wachunga ng'ombe na wenye ng'ombe, akaingia siasa kupitia marafiki aliowapata huko. Na msafara wa wauaji ulikuwa na daktari wake pia, Charles Bingham Penrose, rafiki wa Barber tangu chuoni, aliyekuja Wyoming kutafuta hewa ya mapafu yake. Jina hilo utakutana nalo wodini mwaka wa tatu. Ule mpira laini mwembamba wanaouacha kwenye kidonda utoe usaha na majimaji, Penrose, ni wa huyo huyo. Kila nikimwona mwanafunzi ameushika nakumbuka mabehewa yale.

Ndiyo maana nasema swali "alichaguliwaje" lina jibu rahisi kuliko unavyodhani. Novemba 1892 wananchi waliokasirishwa na matajiri wa ng'ombe walitaka mtu asiye wao. Chama cha Democratic kiliungana na chama cha wakulima kikamweka Osborne, na chama cha Republican kikamweka mwenye benki wa Laramie, Edward Ivinson. Osborne akashinda. Yaliyofuata yalikuwa ya aibu kwa wote wawili. Tarehe 2 Desemba, kabla kura hazijathibitishwa rasmi, Osborne aliapa mbele ya ofisa wa viapo, akaingia ofisi ya gavana na kutangaza kuwa yeye ndiye gavana, kwa hofu kwamba wapinzani wangechezea hesabu za viti vya bunge. Barber akamkatalia. Kwa siku kadhaa madaktari wawili wa nyikani, kila mmoja na mkoba wake wa upasuaji nyumbani, waligombea kiti kimoja. Mwishowe Januari 1893 Osborne akakaa kihalali. Mwezi huohuo kesi ya wauaji wa Johnson ilifutwa, kaunti haikuwa na fedha za kuiendesha na mashahidi walikuwa hawapo. Waliompa kura kwa ajili ya Champion na Ray hawakupata haki.

Baada ya kipindi kimoja hakugombea tena ugavana. Alikaa bunge la taifa 1897 hadi 1899, akawa msaidizi wa waziri wa mambo ya nje chini ya Rais Wilson kuanzia 1913 hadi 1916, akajaribu useneta 1918 akashindwa. Alifariki Rawlins Aprili 1943, mzee wa miaka 84, mwenye heshima zake.

Lakini lile pipa lilikuwa bado halijasema. Mei 1950 vibarua waliokuwa wakichimba msingi wa duka Rawlins waligonga mbao. Ndani palikuwa na mifupa na fuvu lisilo na sehemu yake ya juu. Mji ukakumbuka kwamba Lillian Heath bado yu hai. Yule msichana alikuwa amekwenda kusomea udaktari, akahitimu Iowa 1893, akawa daktari mwanamke wa kwanza wa Wyoming, na sasa alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini. Akaulizwa. Kile kipande alikuwa nacho, miaka karibu sabini, na walipokileta kikakaa juu ya fuvu sawasawa, kama kifuniko kinavyokaa kwenye sufuria yake. Kwa miaka hiyo yote kilitumika nyumbani kama kibao cha kuzuilia mlango na kisahani cha majivu. Mtu mwema, mkunga wa watoto wengi. Mimi husimama zaidi kwa huyu mama kuliko kwa Osborne, kwa sababu yeye hakukata wala hakuchuna. Alipewa kitu akiwa msichana, na mkubwa wake, kama zawadi, na hakuna aliyemwambia kuwa kile kitu ni mtu. Ni sawa na kupewa mfupa na kuuweka kwenye kipochi.

Nasi haya hatuyasomi kama ya ughaibuni tu. Miaka ileile madaktari na maofisa wa Kijerumani walibeba mafuvu kutoka kwetu kwa jina la sayansi. Mkwawa alikufa 1898, kichwa chake kikakatwa. Kudaiwa kwake kuliandikwa katika mkataba wa Versailles, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Wachagga bado wanakitafuta kichwa cha Mangi Meli aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Unapoambiwa hawa hawana wenyewe, kumbuka kwamba aliyepima mafuvu ya babu zetu alisema hivyo hivyo.

Basi tuje kwenye mfupa. Mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Mwili wa anatomia, kazi ikiisha, huzikwa au huwekwa mahali pake, na wasimamizi wa chumba wana wajibu wa kuuzika ukiwa kamili kadiri inavyowezekana. Hapa Afrika vyuo vingi bado vinategemea miili isiyodaiwa. Wengine walikufa barabarani bila kitambulisho, wengine wana ndugu mikoani wasiojua. Mtu huyo hakumruhusu mtu kujifunzia mwili wake. Sisi tumejiruhusu, kwa sababu wagonjwa watakaokuja wanahitaji daktari anayejua mshipa unapita wapi. Naamini sababu hiyo inatosha kwa kisu kinachofundisha. Haitoshi kwa bahati ya mtihani, wala kwa picha ya WhatsApp.

Una njia tatu mbele yako. Ya kunyamaza naielewa, ila umeshaona inavyokutafuna. Ya kwenda moja kwa moja kwa uongozi ni haki yako, na kama picha zile zinasambazwa nje ya chuo au mifupa inauzwa, nenda leo, usingoje ruhusa yangu. Kwa rafiki yako ningeanza na ya kati. Mkae wawili, mbali na kundi, umweleze habari ya kipande cha Lillian Heath, halafu umwambie kuwa utafuatana naye kuurudisha. Msiuzike wenyewe, msiutupe, wala msiuache mezani kisiri. Mpelekeeni mkononi fundi mkuu wa chumba au mhadhiri wa anatomia, mseme umetoka meza ipi. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi: mwanafunzi anayerudisha kwa mguu wake na anayekutwa nao hawachukuliwi sawa. Sikuahidi kwamba hataonywa. Mwambie pia jambo ambalo pengine hakuliwaza: hapa kwetu watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, na kijana akikutwa kwenye daladala na mfupa wa binadamu kwenye begi, maelezo ya bahati ya mtihani hayatamsaidia kituoni. Akikataa kabisa baada ya wiki moja, sema wewe kwa mhadhiri unayemwamini. Hapo hutakuwa umemsaliti.

Picha mzifute, na msizitafutie kisingizio cha masomo. Vitabu vya michoro vipo.

Mwisho ni wewe. Kushindwa kula baada ya video ile si udhaifu, na sitaki mtu akuambie "utazoea tu". Nilipokuwa mwanafunzi, mhudumu wetu wa chumba cha anatomia, mzee aliyekuwa na funguo kiunoni, kila asubuhi alisimama mlangoni akabisha: "Hodi." Alisubiri kidogo, ndipo akafungua. Kisha alilowesha vitambaa ndooni, akavikamua, akafunika nyuso moja baada ya nyingine kabla hatujaingia. Sisi tulidhani ni uzee. Nilipoanza kufundisha nikajikuta nabisha na mimi. Jaribu kitu kama hicho, chako mwenyewe: dua fupi mlangoni, au kufunika sehemu msiyoifanyia kazi siku hiyo. Mkono ukiwa na la kufanya kwa heshima, moyo hutulia kuliko ukiulazimisha uache kuhisi.

Lakini ndoto mbaya za wiki mbili, kukosa kula na kukwepa vipindi ni dalili ninazozichukulia kwa uzito, na kwa barua siwezi kukupima. Wiki hii nenda kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chako, au zahanati ya chuo, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Mweleze ulivyonieleza, na umwambie ukweli kuhusu usingizi wako. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yatakujia, hata mara moja, usilale nayo, mwamshe mtu usiku huohuo akupeleke hospitali. Na kama uliwahi kuzika mtu wa karibu miaka hii ya karibuni, liseme pia, maana mara nyingi maiti ya mezani huamsha msiba ambao haukulizwa.

Kipindi kijacho cha anatomia usiingie peke yako. Mwombe mhadhiri akutangulize dakika kumi kabla ya wenzako, mwingie wawili, msimame tu, bila kisu.